Pahala pa Kufunga Pampu

Vuga, Unguja
9 Oktoba 1955

Mjomba wangu Usi,

Leo ni Jumapili, tarehe tisa Oktoba. Nimekaa kwenye baraza ya juu na kalamu yangu ya shule, na nimejiahidi kukueleza kila kitu kama kilivyo, bila kupamba na bila kuficha. Mwalimu wetu anasema barua inayoficha jambo haikustahili stempu yake.

Shikamoo Mjomba. Natumai u mzima. Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua akipanda ngazi. Bibi Mwanapili hajambo na anakusalimu, na anauliza kama chai ya Usambara imekwisha huko Tanga au ni wewe tu uliyesahau. Paka amezaa chini ya kabati la vyombo, na Mama amekataa asihamishwe, kwa hivyo sahani tunazichukua kwa adabu. Mimi shuleni naendelea vizuri. Nimekuwa wa pili kwa hesabu na wa kwanza kwa kushona.

Pampu ya petroli uliyotuletea imefika salama kwa mkono wa yule bwana uliyempa melini. Ilikuwa imefungwa ndani ya kanga mpya. Mama aliifungua taratibu, akaikunja ile kanga, akaitia sandukuni kwake, wala hakuuliza ni ya nani. Baba alikuwapo na aliona. Yeye pia hakuuliza.

Sasa nikueleze habari yenyewe. Gari la Baba unalijua, lile jeusi lililonizidi umri kwa miaka saba. Pampu yake ya zamani, ile iliyokuwa ikiendeshwa na injini, ngozi yake imechanika, na hapa Unguja hakuna tena mtu anayeuza kipande cha kuitengenezea. Tangu Ramadhani gari limesimama uani limefunikwa turubai, na kuku wa jirani wanataga chini yake. Baba hakujali sana mpaka zilipokuja habari za Wanu. Dada yangu ni mja mzito, Mjomba. Ni mimba yake ya kwanza, na kama ilivyo ada atakuja kujifungulia kwetu, kwa mama yake. Mume wake, Pandu, amekubali. Kutoka Kizimkazi mpaka mjini ni mbali, na lile lori la abiria linarusha watu kama maharage kwenye ungo. Baba alimpelekea Wanu habari kwamba atamfuata yeye mwenyewe, kwa gari lake, mwanzo wa mwezi wa pili.

Kwa hiyo pampu lazima ifungwe, na hapa nyumbani hatujui ifungwe wapi. Baba anataka iwe mbele, ndani ya boneti, karibu na injini. Fundi Silima naye anataka mbele. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba huko nyuma lazima alale chini ya gari, na mgongo wake umezeeka kuliko gari lenyewe. Lakini kwenye ile karatasi iliyokuja na pampu kuna picha, na katika picha pampu iko nyuma; nimeitia humu uione.

Baba hakuniambia nikuandikie. Alisimama tu mbele ya kabati akasema, kana kwamba anazungumza na kabati, kuwa aliyeleta kitu ndiye anayejua kinakokaa. Nadhani alitaka nisikie.

Je, Mjomba, huwezi kuja kuifunga mwenyewe?

Mwanao,
Mwanakheri Mjaka


Tanga
30 Oktoba 1955

Mwanangu Mwanakheri,

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusikia mu wazima. Mwambie Bibi Mwanapili chai haijaisha na mimi sikusahau, ila anayekuja huko hataki kubeba. Mpe Mama pole ya goti, na umwambie asipande ngazi kwa kiburi.

Barua yako niliisomea gereji wakati wa chakula, ndiyo maana utaona nimekurudishia ile picha ina alama ya kidole cha grisi. Sasa nisikilize vizuri, kisha umsomee na Baba yako.

Pampu ya umeme hodari wa kusukuma, si hodari wa kuvuta. Chukua bua la jani la mpapai, ukate refu kama mkono wako, unywee maji kwenye kopo lililo chini. Utavuta mpaka mashavu yaume. Sasa lile kopo lilete mdomoni, uyapulize maji kwa bua hilo hilo uone yanavyoruka. Ndivyo ilivyo. Tangi la gari lenu liko nyuma. Ukiiweka pampu mbele, itakuwa inavuta petroli kutoka mbali. Ukiiweka nyuma karibu na tangi, inasukuma, na kazi inakuwa nyepesi.

La pili ni joto, na hili ndilo kubwa zaidi. Petroli ikipata moto inageuka mvuke, na pampu haijui kuvuta mvuke. Itapiga tik tik tik haraka haraka bila kuleta kitu, na gari litasimama. Ndani ya boneti ya gari lile kuna bomba la moshi la upande wa kushoto, na huko ndiko Silima atakakotaka kuifunga kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Asubuhi hamtaona kitu. Mjini hamtaona kitu. Mtaona siku ya safari ndefu, saa sita, jua la kaskazi likiwa utosini.

Pahala pake pazuri ni chini ya kiti cha nyuma. Pana ubaridi, pakavu, hapaingii vumbi. Unainua godoro la kiti, unaiona hiyo hapo. Ifungwe juu ya vipande vya mpira, vinginevyo mlio wake utaingia kwenye bati na aliyekaa nyuma atausikia safari nzima.

Juu ya kuja, kazi huku ni nyingi.

Msalimie kila mtu. Na Baba yako pia.

Mjomba wako,
Usi


Vuga, Unguja
20 Novemba 1955

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai hujambo, na walio nyumbani kwako hawajambo pia, ambao siwajui majina lakini nawasalimu. Sisi tu wazima. Goti la Mama limepata nafuu kwa mafuta ya mkunazi. Watoto wa paka wamefumbua macho. Wanu ametuletea salamu na samaki wakavu kwa mkono wa mtu wa Kizimkazi. Amesema mtoto anapiga teke kila akisikia adhana ya alfajiri, na mume wake anasema huyo atakuwa mwadhini au atakuwa mkorofi.

Barua yako nilimsomea Baba yote, maana yeye, kama unavyojua, anasoma herufi za Kiarabu tu. Alisikiliza macho amefumba. Nilimwonyesha na jambo la bua la mpapai, nikapuliza maji mpaka yakamfikia Bibi, naye akasema elimu ya siku hizi inalowesha watu. Baba alicheka kidogo. Kisha akasema, "Usi anajua magari. Barabara zetu amezisahau." Alivaa kofia akaenda zake dukani.

Nilikuahidi kukueleza kila kitu, basi nilimfuata Mama jikoni nikamuuliza. Mama ndiye aliyenieleza.

Wewe hukuwapo mwaka ule wa arusi ya Chukwani. Baba alikuwa amewapakia wanawake wa nyumbani nyuma, mapazia yameteremshwa kama kawaida, na Bibi Mwanapili katikati. Wakapata pancha mahali penye ukuta mfupi, na juu ya ukuta wamekaa vijana wa mtaa wanatafuna miwa. Jeki ilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Ikawa lazima wanawake wateremke ili kiti kiinuliwe. Bibi aliposhuka upepo ukamchukua buibui uso ukawa wazi, na kijana mmoja akapiga kelele, "Jamani, mwezi umeandama mchana, leteni tende tufuturu!" Wote wakacheka. Tangu siku hiyo Bibi hajapanda gari la mtoto wake, hata kwenda mazikoni. Baba aliitoa ile jeki akaiweka mbele miguuni pake, akasema mbele ya Mama kwamba hakuna mwanamke wa nyumba yake atakayeteremshwa njiani tena kwa sababu ya gari.

Sasa umeelewa, Mjomba. Pampu ikiwa chini ya kiti cha nyuma na ikakataa kupiga, Baba atalazimika kumshusha Wanu barabarani na tumbo lake lile ili aigonge ipate kupiga. Ndiyo maana anataka iwe mbele. Hakutaka kusema, nadhani, kwa sababu hataki kulitaja jambo la mama yake.

Nakuuliza kwa heshima: je, hakuna pahala pengine? Pawe karibu na tangi kama unavyotaka, na pawe hapahitaji kumshusha mtu, kama Baba anavyotaka. Silima amesema ataifunga wiki ya mwisho ya Desemba. Tafadhali jibu lako liwahi.

Mwanao,
Mwanakheri


Tanga
12 Desemba 1955

Mwanangu Mwanakheri,

Marahaba. Nimefurahi kwa habari za Wanu. Mwambie nampa salamu nyingi, na huyo mwadhini wake namsubiri.

Habari ya Chukwani sikuwa naijua. Kama ningeijua nisingeandika vile juu ya kiti. Mwambie Baba yako, kwa maneno haya haya, kwamba ana haki.

Pahala pengine papo. Tazama picha niliyokuchorea hapa chini. Huu ni mgongo wa gari, chesisi. Hili ni tangi. Pampu ifungwe nje, chini kabisa, kwenye chesisi upande wa kulia, mbele kidogo ya tangi. Bomba la moshi liko kushoto, kwa hivyo halitaipasha moto. Upepo wa mwendo utaipoza. Ikikataa kupiga, mtu analala kwenye mkeka ubavuni mwa gari, ananyoosha mkono, anaigonga mara mbili kwa kiatu, inaamka. Aliyekaa ndani hana haja hata ya kufunua pazia. Itengenezewe kikinga cha bati ili mawe yasiipige. Mipira usisahau.

Silima akilalamika mgongo, mwambie Baba alale chini mwenyewe. Alikuwa hodari wa kulala chini ya magari zamani, kabla hajawa na duka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa spana.

Barua hii sitaitia posta. Krismasi inakaribia na posta itajaa. Nampa Kificho, wa ukoo wetu, anayeondoka kesho kuja Unguja, akupe mkononi. Kwa mkono wa mtu wetu ni salama zaidi.

Mjomba wako,
Usi


Vuga, Unguja
8 Januari 1956

Mjomba wangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya wa Kizungu. Natumai hujambo na walio nyumbani kwako. Sisi hatujambo, ila kaskazi imetia nguvu na usingizi wa mchana umekuwa wa jasho. Wiki hii shule inafunguliwa. Nimeingia darasa jipya, na vitabu vyangu nimevifunga kwa karatasi za kaki.

Sijapata jibu lako. Nimekwenda posta mara nyingi, hata karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza. Labda una kazi nyingi, au labda umekasirika kwa kuwa Baba hakukubali. Kama umekasirika, Mjomba, nakuomba usikasirike.

Silima ameshaifunga pampu. Iko mbele, ndani ya boneti, upande wa kushoto, pale ulipopataja. Nilikuwapo. Nilimwambia Baba, "Mjomba alisema pahala hapa pana moto." Baba akaweka kiganja chake kwenye bati akaniambia nami niweke. Palikuwa baridi, lakini ilikuwa asubuhi na injini haijawashwa.

Sitaki kukuudhi, na nimekuahidi ukweli: gari linakwenda vizuri. Tulikwenda nalo mpaka Bububu na kurudi jioni. Mlio wake ni mzuri, tik, kisha kimya, kisha tik, kama mtu anayefikiri. Mama amefua mapazia ya nyuma na kuyapiga pasi. Tarehe mosi Februari, Jumatano, tunakwenda kumchukua Wanu. Nimeomba ruhusa shuleni nami nimo safarini.

Wanu ameshachagua jina. Akiwa mwanamume ataitwa Usi. Alisema nisikwambie, lakini ahadi yangu kwako ilitangulia.

Mwanao,
Mwanakheri


Vuga, Unguja
19 Februari 1956

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi hatujambo.

Barua yako ya Desemba imefika. Kificho aliileta mwenyewe. Alikuwa amepitia Pemba, Wete, kwenye arusi ya watu wake, wakamshika akae. Alituletea na halua.

Shuleni tunasoma jiografia ya mito. Tumeanza kushona gauni la mtoto kwa ajili ya mtihani, lakini nimemwomba mwalimu nishone kitu kingine, na amenikubalia, nashona foronya. Watoto wa paka wamegawiwa, amebaki mmoja mweupe. Goti la Mama limerudi kuuma. Mvua haijanyesha.

Wanu yuko kwetu. Anakusalimu.

Baba ameisimamisha saa ya ukutani.

Mwanao,
Mwanakheri


Tanga
4 Machi 1956

Mwanangu Mwanakheri,

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena. Imeandikwa vizuri, na ndani yake hamna kitu. Umenieleza mito, foronya na paka. Gari hukulitaja. Hukuniambia mlisafiri vipi. Umesema Wanu yuko kwenu, hukusema habari ya mtoto, na hesabu ya mwezi wa kuzaa naijua.

Juzi alipita hapa mtu wa Makunduchi akanipa mkono wa pole, kisha alipoona sijui kitu akaona haya, akasema labda amekosea nyumba. Nimebaki na pole ambayo sijui ni ya nini. Usiniache hivi.

Barua yangu nilimpa Kificho kwa kuwa nilimwamini kuliko posta. Nalifikiria hilo kila siku.

Huku nyumbani mke wangu, Mashavu, ameuliza mara nyingi kama Wanu ameshajifungua. Jina lake sikuwahi kuliandika kwenye barua zangu, sikujua lingepokewaje kwenu. Ile kanga ilikuwa yake. Baba yako amenilea, nami nikaoa bila ya kumwendea, na tangu hapo mimi na yeye tunazungumza kupitia kwako. Huo si mzigo wa mtoto wa shule. Lakini sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Nieleze, hata kwa maneno machache.

Mjomba wako,
Usi


Vuga, Unguja
18 Machi 1956

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, Bibi hajambo, na wote wanamsalimu Bi Mashavu kwa jina lake. Nilipolisoma kwa sauti hapa nyumbani, Mama alikwenda sandukuni akaitoa ile kanga, na leo ameivaa.

Sasa nakueleza. Usinilaumu kwa ile barua nyingine. Kila nilipofika kwenye habari yenyewe mkono ulikuwa unaandika kitu kingine.

Jumatano ile tulifika Kizimkazi asubuhi, na gari halikusumbua hata mara moja. Wanu alikuwa akisema kiuno kinamuuma. Wazee wa kule walisema ni wasiwasi wa safari, mwezi wake bado. Mama yake Pandu hakukubali tuondoke bila ya kula, na chakula kilikuwa hakijaiva, kwa hivyo tulipotoka jua lilikuwa limeshapanda. Baba na Pandu walikaa mbele. Nyuma tulikuwa mimi, Wanu katikati, na Mama, mapazia yameteremshwa. Mama alikuwa amechukua mtungi wa maji.

Tulipita Muyuni. Karibu na Kitogani, pale ambapo ni mawe matupu na hakuna kivuli, pampu ilianza kupiga haraka. Tik tik tik tik, kama cherehani inayokwenda bila uzi. Gari likakohoa na kusimama. Mimi nilijua ni nini, na nadhani Baba pia alijua, kwa sababu alitazama nyuma akaniangalia mimi kabla ya kumwangalia mtu mwingine.

Alifungua boneti. Aliigonga pampu kwa kiatu. Akalowesha kitambaa kwa maji yetu ya kunywa akaifunika, tukangoja ipoe. Gari likawaka, likaenda kidogo, likasimama tena. Akamwaga maji mengine. Ikawa hivyo mpaka mtungi ukaisha. Sisi nyuma, na mapazia yale, Mjomba, siwezi kukueleza lile joto. Wanu alikuwa ameuma ukaya wake wa kichwani asipige kelele. Ndipo nilipoona kiti kimelowa.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na mkwaju mmoja, na chini yake wamekaa vibarua wa barabara wanaponda kokoto. Mama alisema, "Mjaka, mtoto anazaa. Tushushe kivulini."

Baba alitazama wale wanaume, akatazama mapazia. Akasema, "Kidogo tu. Itawaka sasa hivi."

Mama akamwita jina tena. Alimwita jina tu. Baba alikuwa amesimama pale, mkono kwenye boneti ya moto, wala hakuutoa.

Kisha mzee mmoja katika wale vibarua aliweka nyundo yake chini akavuka barabara. Hakukaribia gari. Alisimama mbali akasema, "Bwana, washushe. Sisi tutawapa mgongo."

Na walifanya hivyo. Waliinuka wote pamoja, wakajipanga mstari kati ya mkwaju na barabara, wakatugeuzia migongo. Baba na Pandu walimbeba Wanu wakapita nyuma yao. Hakuna aliyegeuza kichwa. Hakuna aliyesema neno la mzaha. Mmoja alivua shati akalirusha nyuma bila ya kutazama, na Mama akalitandika chini. Jasho lilikuwa linawatiririka migongoni na walisimama hivyo hivyo mpaka mwisho.

Alikuwa mwanamume. Alilia mara moja, sauti ndogo. Baba alimwadhinia sikioni akiwa amepiga magoti kwenye kokoto. Alikuwa mdogo sana, Mjomba, na mwezi wake haujatimia, na hata daktari alisema baadaye kwamba labda asingeishi hata kama angezaliwa hospitali. Alisema labda. Neno hilo Baba analirudia peke yake akidhani hatumsikii. Tulipopata lori la kutuchukua, mtoto alikuwa ameshanyamaza.

Kwa kuwa alilia, alipewa jina na akasaliwa. Jina lake ni Usi Pandu. Samahani kwamba nilikwambia lile jina kwa furaha.

Ijumaa, wakati watu bado wamekaa msibani, Kificho akabisha hodi na kikapu cha halua na barua yako. Usiku ule sikuweza kumsomea Baba. Nilimsomea baada ya wiki. Nilipofika pale uliposema ana haki, aliniambia nirudie. Nilipofika kwenye chesisi upande wa kulia, aliichukua karatasi mkononi mwangu akaitazama picha muda mrefu. Kisha akaenda kuisimamisha saa ya ukutani, kwa sababu Wanu chumbani alikuwa ameziba masikio.

Wanu amepona mwilini. Arobaini yake imekwisha. Hamlaumu Baba, wala hamsemeshi. Akiingia barazani, yeye anageukia ukutani. Baba huacha tunda mlangoni pake kila akirudi dukani, chungwa au shokishoki, na tunda mara nyingine huliwa na mara nyingine nalila mimi ili Baba asilikute pale pale.

Mwezi huu Baba aliivua ile pampu. Hakumwita Silima. Alivaa shuka kuukuu, akatandika mkeka, akalala chini ya gari, na mimi ndiye niliyempa spana. Ameifunga nje kwenye chesisi, kulia, mbele ya tangi, na kikinga cha bati, kama ulivyochora. Jumamosi aliondoka peke yake saa sita mchana, akaenda mpaka Kitogani na kurudi, na gari halikusimama. Nilimuuliza kama aliwaona wale watu. Akasema aliwakuta, akawashushia gunia la mchele, na yule mzee alimuuliza hali ya mama wa mtoto kabla ya kusalimiana naye.

Anasema nikuandikie neno moja kutoka kwake, na niliandike kama alivyolisema: "Mwambie Usi aje. Na asije peke yake."

Wiki ijayo Pandu anakuja kumchukua mke wake. Wanu anataka kurudi kwake, lakini gari hataki kulipanda, na lori Mama hamruhusu. Tulidhani ni kiti, na Baba akasema yuko tayari kukibadilisha kiti kizima. Tulidhani ni barabara. Jana nilikuwa namsuka nywele, akaniuliza pampu sasa iko wapi. Nikamwambia iko nyuma, chini, kama alivyosema Mjomba. Kisha akasema kwamba kiti anaweza kukikalia, na barabara anaweza kuipita hata pale kwenye mkwaju, na angependa kusimama hapo kidogo. Kitu asichokiweza ni kusikia ile tik tik. Na sasa iko chini yake.

Baba ametia mipira, vipande viwili. Nimekaa kwenye kiti cha nyuma nikafumba macho, na bado nausikia, mdogo, lakini nausikia. Nilimwambia Wanu ukweli huo. Hakulia. Aliniambia, "Basi muulize Mjomba." Ni mara ya kwanza tangu siku ile yeye kuomba kitu.

Kwa hiyo nakuuliza, Mjomba, na nakuomba unijibu kwa meli itakayorudi, uitie barua posta, usimpe mtu: je, kuna pahala pa kuifunga pampu ambapo haitapata joto, na aliyekaa nyuma hataisikia?

Mwanao,
Mwanakheri